Mama, Nimeosha Rejeta ya Pikapu Yako

Mama yangu,

Kucha zangu zina weusi usiotoka. Nimezisugua kwa sabuni ya kipande, nikazisugua tena kwa limau kama ulivyokuwa ukifanya, na weusi umekaa pale pale. Jana mwalimu mwenzangu shuleni aliniuliza kama nimeanza kupanda viazi. Nikamwambia hapana, nilikuwa naosha rejeta ya gari. Akacheka, akidhani natania. Sikumweleza zaidi. Kuna habari ambazo nimezoea kukuletea wewe tu, na tangu uende sijapata mtu mwingine wa kuzipokea. Kwa hiyo naandika, hata kama najua hakuna posta ya huko uliko.

Unajua pikapu ilibaki chini ya kile kibanda cha mabati kando ya zizi. Wiki tuliyokuzika, Baba aliifunika kwa turubali, akaikaza kwa kamba kama mtu anayefunga mzigo wa kwenda mbali. Watu wamekuja kuiulizia. Mmoja alikuja kutoka Othaya. Baba huwasikiliza kwa adabu, huwapa chai, kisha huwaambia, "Mwenyewe hayuko." Basi wanaondoka. Mimi nilikuwa nikipita pale asubuhi nikienda kukamua, naiona imeinama kidogo upande wa gurudumu lililoishiwa upepo, na nilikuwa nageuza uso. Niliogopa kunusa ndani yake. Nilijua bado ina harufu ya maziwa na ya lile koti lako la sufi.

Nataka uniruhusu nikumbuke ile siku ya mlima, kwa sababu mambo yetu yote na gari hii yalianzia pale.

Baba ndiye aliyekuwa akiendesha wakati huo. Tulikuwa tunatoka Kiriaini kumwona shangazi, mimi na mdogo wangu Nyokabi tumekaa nyuma juu ya gunia la ndizi, wewe mbele. Kwenye ule mwinuko wa kurudi Othaya injini ilianza kutoa moshi mweupe. Baba akasimamisha gari, akafungua boneti, akakunja kitambaa chake cha mfukoni juu ya kifuniko cha rejeta, pale panapotiwa maji ya kupoza injini. Nilikusikia ukisema, "Baba Wambui, si ungengoja kidogo?" Naye akasema giza litatukuta njiani. Akageuza kifuniko.

Sijawahi kusahau sauti ile. Maji yaliruka juu kama kitu kilichofungiwa kwa miaka, yakamshika shingoni na kifuani. Sisi tulilia. Wewe hukulia. Ulimshika mkono ukamshusha mpaka kwenye kijito kilichokuwa chini ya barabara, ukamkalisha kwenye jiwe, ukaanza kummwagia maji baridi kwa kikombe cha uji, polepole, bila kuacha. Watu walikusanyika. Mama mmoja alileta mafuta ya kupikia, mwingine akasema apakwe dawa ya meno. Ukawaambia, "Hapana. Ni maji tu. Mnitafutie gari ya kumpeleka hospitali Nyeri." Uliendelea kumwagia mpaka gari ikapatikana, na mikono yako ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi ya kile kijito.

Baba alipona, lakini shingo yake ilibaki na ngozi inayong'aa, na hakushika tena usukani wa pikapu. Hata kupita mbele ya boneti alikuwa hapiti. Alizunguka kwa nyuma. Hukumlazimisha wala hukumcheka. Maziwa yalikuwa lazima yafike mjini, kwa hiyo uliomba kufundishwa kuendesha kwenye uwanja wa shule, siku za Jumapili baada ya kanisa, ukiwa na gambuti na kitambaa cha kichwa. Sisi watoto tulikuwa tunakimbia kando tukishangilia. Ulipoweza kuendesha, ukaenda kusimama karibu na mafundi kule Majengo mjini, ukawauliza kila kitu kuhusu rejeta, mpaka wakakuzoea. Ulisema ni lazima ujue kitu kilichomchoma mume wako.

Kisha ukatufundisha sisi. Mara mbili kila mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, ulituita mimi na Nyokabi tuje tuoshe rejeta. Tukifika tu, ulikuwa unauliza, "Gari imelala?" Ulitaka kujua kama haijawashwa tangu jana. Na kama tulikuwa na shaka, kulikuwa na ile sheria yako. Unaukaribisha mkono kwanza bila kugusa. Ukiona hauchomwi, unauweka kwenye rejeta yenyewe, unasema Baba Yetu yote, na mkono usipotaka kutoka mpaka Amina, basi imepoa. Hata hapo unaweka kitambaa kizito, unageuza uso kando, unafungua kifuniko kidogo kidogo. Nyokabi alikuwa anaikimbiza ile sala ili amalize. Ukamwambia, "Rudia. Mungu hakimbizwi, na rejeta pia." Tulicheka mpaka ukacheka na wewe, ukaficha meno yako kwa mgongo wa mkono.

Ninautamani ule mkono, Mama. Natamani uniwekee begani ukinipita jikoni, bila kusema kitu, kama ulivyozoea.

Sasa habari zenyewe. Nyokabi amejifungua. Alipasuliwa, lakini yeye na mtoto wako salama huko Timau, ambako mume wake Maina bado anafanya kazi kwenye shamba la maua. Alinipigia simu akasema, "Dada, nataka Baba aje amwone huyu mtoto. Usije bila yeye." Nikamwambia kiuno cha Baba hakiwezi tena safari ya matatu, kuinama kile kimlango na kubanwa kiti cha nyuma mpaka Timau. Nikasikia Nyokabi analia kwa kujificha. Nilipomweleza Baba, nilitegemea aseme atangoja mtoto akue aletwe nyumbani. Alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya, kisha akasema, "Nitaenda na gari ya mama yenu."

Nilifikiri sijasikia vizuri.

Basi nilitoa turubali. Nililia kidogo nilipofungua mlango, kwa sababu ile harufu ilikuwa pale pale. Jirani alinisaidia kuchaji betri na kujaza magurudumu upepo, nikaipeleka mjini kuijaribu. Kwenda ilikuwa mteremko, haikunisumbua. Wakati wa kurudi, kwenye mwinuko wa kuja kwetu Tetu, niliona mshale wa joto unapanda. Nikafanya ulivyonifundisha: nikawasha hita ya ndani mpaka mwisho, nikafungua madirisha, nikatafuta mahali pa wazi, nikazima injini. Nikashuka, nikakaa kwenye nyasi kando ya barabara. Sikufungua kitu.

Mwenye bodaboda mmoja akasimama. Alikuwa mtu mzima, mpole.

"Madam, gari imechemka. Fungua nikuwekee maji, niko na chupa hapa."

"Asante. Tunangoja."

"Tunangoja nani?"

"Ipoe."

Akaniangalia, akaangalia moshi. "Lakini hiyo itachukua muda."

"Ndiyo. Baba yangu alichomwa na hii gari."

Aliegesha pikipiki yake, akakaa kwenye nyasi upande wa pili, tukangoja pamoja kama watu walio kwenye matanga. Ilipopoa, akanishikia kitambaa wakati nafungua, akamimina ile chupa yake. Nilirudi nyumbani polepole sana.

Siku iliyofuata nilienda kutafuta kulanti, ile dawa ya kijani inayochanganywa na maji ya rejeta. Nilienda kwa Mama Zainabu, yule wa duka la spea karibu na msikiti, kwa sababu sikujua duka lingine. Sijui kwa nini sikufikiria kwamba huenda hajasikia. Aliponiona tu akatabasamu.

"Karibu mwanangu. Mama amekutuma leo? Mwambie amenipotea sana. Mtu hapotei hivyo bila hata salamu."

Nilishika meza ya duka.

"Alitutoka, Mama Zainabu. Mwaka jana, wakati wa mvua ndefu."

Akasema Inna lillahi kwa sauti ya chini, akakaa kwenye kreti ya soda, akanivuta nikakaa karibu yake. Tulikaa hivyo, wateja wakiingia na kungoja. Halafu akaanza kunieleza juu yako, mambo ambayo sikuyajua. Kwamba ulikuwa hukai kamwe, unasimama mlangoni kwa sababu ya tope la gambuti, hata akikusihi. Kwamba mwaka ule binti yake alipougua ulikuwa unamwachia maziwa kila asubuhi kabla hajafungua duka. "Nilikuwa nayakuta mlangoni," akasema. "Nilimuuliza, akajifanya hajui ni nani." Kisha akainuka, akachukua dumu la kijani, akasema, "Alikuwa akiniambia, nipe ya kijani, na usinichanganyie na nyekundu, zitagombana huko ndani. Chukua. Na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, uchanganye nusu kwa nusu, kama yeye."

Nilitoka pale na huzuni na furaha pamoja. Nilifurahi kwamba kuna mtu mwingine mjini anayekukosa.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, nikaanza. Gari ilikuwa imelala. Niliisukuma na Baba mpaka kwenye sehemu tambarare, yeye akisaidia kwa nyuma kadiri kiuno kilivyomruhusu, mimi mlangoni nikishika usukani. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Nikatoa waya wa betri. Nikafunga ng'ombe mbali, nikafungia kuku, kwa sababu ya yale maneno yako kwamba hayo maji ni matamu mdomoni na mnyama hajui sumu. Nilikumbuka yule mbwa wa jirani aliyekunywa maji ya gari ya mtu, na vile ulivyomchimbia shimo wewe mwenyewe ukinung'unika. Nikavaa glavu na ile miwani yako ya kukatia miti. Imelegea masikioni mwangu. Kichwa chako kilikuwa kikubwa kuliko changu, sikuwa najua.

Baba alikaa kule kwenye ghala la mahindi, mbali, na fimbo yake katikati ya magoti.

Niliweka karai chini, nikalegeza ile skrubu ya chini ya rejeta. Maji yalitoka mazito.

"Ni rangi gani?" Baba akauliza kutoka kule.

"Kama udongo wa shamba."

Nikayaacha yaishe, nikafunga, nikajaza maji safi, nikafungua tena.

"Sasa?"

"Kama strungi, chai isiyo na maziwa."

Niliendelea. Nikajaza, nikafungua. Akauliza tena, nikamwambia yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele, na wakati huo tu ndipo nilipogundua kwamba sauti yake ilikuwa karibu. Nilipoinua kichwa, alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Nikainama haraka, nisimfanye aone haya.

Mapezi ya rejeta, yale mabati membamba ya kupitisha upepo, yalikuwa yamejaa nyasi, mbegu na wadudu wakavu. Nilikuwa nahitaji mtu wa kushika mpira wa maji upande wa injini, ili maji yasukume uchafu utoke nje, si kuingia ndani zaidi. Zamani ilikuwa kazi ya Nyokabi. Nilijaribu kuushika kwa goti. Mpira ukateleza, ukanilowesha tumbo.

Mkono ukatokea kando yangu, ukauokota.

"Nishike wapi?" Baba akauliza.

"Hapo, Baba. Na maji yawe ya pole tu. Mapezi ni laini, yakipigwa sana yanalala."

Alishika. Maji yalimrukia kifuani, lakini hakuuondoa mkono. Mimi nilipitisha ile brashi laini kufuata mistari, kutoka juu kwenda chini. Nilikuwa nasikia pumzi yake.

Baada ya hapo tuliweka dawa ya kusafishia ndani, nikarudisha waya, tukafunga kifuniko, tukaacha injini iwake na hita ikiwa imefunguliwa, sisi tukiwa kando. Tukazima. Ikawa ni kungoja tena. Tulikunywa chai. Tukala viazi. Tuliporudi nilitaka kuujaribu mkono wangu, lakini Baba alinitangulia. Aliukaribisha kwanza bila kugusa. Kisha akauweka juu ya rejeta, akafumba macho, akasema Baba Yetu kwa Kikuyu, bila haraka, mpaka Amina.

Akabaki hivyo, mkono pale pale.

"Alikuwa ananiita," akasema. "Kila mara mkiosha hii gari. 'Baba Wambui, njoo uguse, imepoa.' Alikuwa ananiita tu, hakukasirika. Na mimi nilikuwa najifanya naenda kuangalia mahindi."

Nikamshika kiwiko.

"Ningekuja siku moja," akasema. "Hata siku moja."

Tukamwaga ile dawa, tukaosha mpaka maji yakatoka safi, ukiweza kuona sehemu ya chini ya karai. Nikachanganya kulanti na maji ya betri nusu kwa nusu, nikamimina polepole. Kisha nikawasha injini ikiwa bado baridi, kifuniko kikiwa wazi, nikasimama kando nikiangalia mapovu yakitoka, kama ulivyoniambia kwamba hewa ikibaki ndani itakudanganya. Maji yakashuka, nikaongeza, mapovu yakaisha, nikafunga. Maji machafu niliyatia kwenye jerikeni nikayapeleka kwa fundi mjini, kwenye pipa lake. Hata tone moja halikumwagika shambani kwako.

Tuliondoka Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimepika njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uji kwenye thamosi. Baba alivaa ile suti ya kahawia. Kuanzia Kiganjo mpaka Naro Moru hakuangalia mlima wala mashamba, aliangalia ule mshale tu. Ulikuwa katikati, umetulia. Tulipopita Nanyuki akaegemea kiti, akaanza kunionyesha mahali aliwahi kufanya kazi akiwa kijana. Sijui kama uliwahi kumsikia akiongea hivyo ndani ya gari. Timau ngano ilikuwa imeanza kukauka, na upepo ulikuwa unailaza upande mmoja, halafu mwingine. Nilitamani uone.

Nyokabi alikuwa ameketi kitandani, amekonda uso lakini anang'aa. Alipomwona Baba akiingia mlangoni kwa miguu yake, alifunika uso kwa leso. Maina alimletea Baba kiti cha mikono. Hakuna aliyekuwa na haraka. Tulikunywa uji kwanza. Kisha Nyokabi akamfunua mtoto kwenye blanketi, akamweka kwenye mapaja ya Baba.

Mama, ni msichana. Yule wao wa kwanza alipewa jina la mamake Maina, kama desturi inavyotaka. Kwa hiyo huyu wa pili ni wako.

"Baba," Nyokabi akasema, "huyu ni Wangeci."

Tangu tukuzike, Baba hajawahi kulitaja jina lako. Husema mama yenu, au mwenyewe. Alimwangalia yule mtoto kwa muda mrefu, ile sura ndogo yenye mikunjo. Unajua jinsi wazee wetu wanavyowatania wajukuu waliopewa majina ya wake zao, kwamba na wao ni bibi zao. Nilifikiri atatania. Hakutania. Aliinama, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu mzima:

"Wangeci. Bibi yangu. Umekawia."

Nyokabi alilia, na Maina akatoka nje akajifanya anatafuta kuni. Mtoto alifungua jicho moja, akalifunga tena, akalala.

Wakanipa na mimi nimshike. Ninapaswa kumwita Mami, yaani mama, kwa kuwa amebeba jina lako, najua. Watu wote walikuwa wananiangalia, wakingoja nimwite. Nilimshika karibu na kifua, nikamnusa kichwa. Ananuka maziwa, lakini ni maziwa mengine. Nilifungua mdomo, na jina halikutoka, kwa sababu bado ni lako, na bado nikiamka asubuhi kuna dakika moja ninapokusubiri upige kelele kutoka zizini kwamba nimechelewa. Nyokabi akaniambia polepole, "Usijali, dada. Atakungoja."

Kwa hiyo nimekuandikia wewe kwanza, nikuombe unipe nafasi. Safari ijayo nitakapomshika nitamwita, hata kama sauti itakatika. Mwanzo nitakuwa namaanisha wewe. Pengine polepole nitaanza kumaanisha yeye, na sitaki uone kama nimekuacha.

Lala vizuri, Mama. Baridi ya Julai imefika, ukungu haujainuka tangu asubuhi, na Baba ananiita nje.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Wambui